Koja la Picha Arobaini na Moja

Nohea hakulia mama yake alipokufa. Hakulia siku ile, hakulia kanisani, hakulia hata pale Anti Luika, mdogo wa marehemu, alipolala juu ya jeneza na wanaume wawili wakalazimika kumbeba kumrudisha kwenye benchi. Watu wa Panaewa, mtaani kwao, wakasema amejikaza. Wengine, wale wenye midomo, wakasema huyo moyo wake umekaa kwenye friji pamoja na maua yake. Wote walikosea. Mtu anayejikaza ana kitu anachokizuia. Nohea alikuwa amekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa vibaya, na hata ungemfinya asingejua kama amefinywa.

Ana miaka hamsini na moja, hana mume wala mtoto, na robo karne nzima kazi yake imekuwa hiyo hiyo: kuuza makoja ya maua kwenye soko la mji wa Hilo, Jumatano na Jumamosi. Mama yake Emalia ndiye aliyekuwa akiyatunga. Nyuma ya nyumba kuna mti wa puakenikeni, na nyumba ile ililishwa, ilivishwa na ilisomeshwa na mti huo. Ua lake hufunguka jioni, jeupe kama maziwa. Kesho yake linakuwa la njano. Keshokutwa limekuwa rangi ya chungwa, na baada ya hapo hakuna mteja anayeuliza bei. Kwa hiyo Nohea aliyajua maua kwa siku zake mbili za kwanza tu, ya tatu kwa punguzo.

Jumamosi ile alimwacha mama yake barazani kwenye kiti chake, sinia la maua pembeni, anatunga koja nene la mwalimu mmoja aliyekuwa anastaafu. Alirudi saa nne na nusu. Mama alikuwa kitini bado, kichwa kimelalia bega, sindano ndefu ya kutungia ipo mapajani, na koja halijafungwa ncha. Mkono ulikuwa na joto. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba kilikuwa cha ghafla, hakuteseka. Madaktari humwambia hivyo kila mtu, hilo nani asiyelijua.

Na hapo ndipo shida yote ilipokaa. Saa tatu kasoro dakika ishirini, simu ya Nohea ililia sokoni. Aliitazama. Aliona imeandikwa Mama. Mbele yake kulikuwa na wateja watatu, mmoja anataka chenji, na mama alikuwa na tabia ya kupiga mara tatu nne kila siku ya soko: sukari umeiweka wapi, rimoti iko wapi, mtu wa gesi anakuja leo au kesho. Nohea akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Ikalia, ikanyamaza, haikulia tena.

Hilo hakumwambia mtu. Hakumwambia daktari, wala Anti Luika, wala mchungaji. Lakini kila alipokaa peke yake hesabu ilikuwa ile ile. Mama alianza kuumwa saa ile. Mama alipiga. Mama aligeuziwa simu, akakaa kitini karibu saa mbili akimngoja binti yake. Nohea akifika hapo, kitu ndani yake kinazimika kama umeme wakati wa mvua kubwa, na anainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo ameshaviosha.

Ndugu yake ni mmoja tu, Palani, mdogo wake, mpishi wa hoteli kule Las Vegas, mahali ambapo siku hizi ukitembea dukani utadhani nusu ya Hilo imehamia. Wiki mbili kabla ya msiba Palani alikuwa amepasuliwa mgongo, na wakamkataza ndege. Mazishi aliyaona kwenye simu akiwa kitandani. Jumapili, siku moja baada ya kifo, alipiga akilia kwa niaba ya watu wawili, na alipopata pumzi akauliza kuhusu lile koja la mwisho. Lipo? Lipo, Nohea akamwambia, nimelitia kwenye mfuko, liko kwenye friji.

"Usilirudishe, dada," Palani akasema. "Nisubiri. Nataka nilishike. Na kila siku unitumie picha, nijue bado lipo."

Maana huku kwetu koja halitupwi. Likichoka linarudishwa: uzi unakatwa, maua yanakwenda chini ya mti yalikotoka, na unasema asante. La marehemu ndiyo kabisa, halikai ndani. Nohea aliyajua hayo kabla hajajua kusoma. Lakini alijibu sawa, kwa sababu siku hizo kusema sawa kulikuwa kazi ndogo kuliko kusema hapana.

Basi akaanza. Jumapili hiyo hiyo, nyumba imejaa watu na viatu mlangoni havina idadi, alilitoa koja, akalilaza juu ya mfuniko mweupe wa mashine ya kufulia pale uani nyuma, akabonyeza, akatuma, akalirudisha. Hakulitazama. Jumatatu vile vile, Jumanne vile vile. Ukimuuliza siku zile koja lilikuwa na rangi gani, angekuambia rangi ya koja. Palani alijibu kila mara. Siku moja aliandika kwamba leo limependeza, na Nohea akalisoma neno hilo kama tangazo la bidhaa ambayo yeye haitumii.

Sokoni alirudi baada ya wiki moja. Alinunua makoja ya watu wengine akayauza, kwa kuwa yeye kutunga anajua lakini vidole vilikuwa havitaki. Watu walimpa pole, aliipokea, aliiweka. Alikula wali na nyama ya kopo mchana, wali na nyama ya kopo jioni, na siku aliyosahau kula hakugundua mpaka asubuhi.

Siku ya kumi na mbili mvua ilikatika. Mvua ya Hilo haina adabu, inaweza kukaa mwezi mzima kwenye nyumba ya mtu kama shemeji asiye na kazi, lakini siku hiyo saa tisa alasiri ilikatika na jua likaingia uani kwa ubavu. Nohea alikuwa ameshabonyeza picha yake. Alikuwa ananyoosha mkono kulichukua koja alirudishe kwenye mfuko, mkono ukasimama.

Rangi ya chungwa ilikuwa imeondoka. Maua yalikuwa kahawia, lakini hayakuwa kahawia moja. Lingine lilikuwa chai ya rangi, lingine chai ya maziwa, lingine limekolea mpaka karibu na weusi pembeni na katikati limebaki na doa dogo la njano. Unene wa ua ulikuwa umekwisha, na mishipa iliyokuwa imejificha ndani imetokeza, mistari myembamba imenyooka kama ya daftari. Kila ua lilikuwa limenyauka kwa namna yake. Sokoni, yakiwa mabichi, yote yalikuwa ua moja. Sasa ungeweza kuyapa majina.

Nohea alipiga picha nyingine. Akasogea, akapiga nyingine. Alipiga kumi na moja siku hiyo, akatuma moja. Asidanganye mtu kwamba alifurahi. Hakufurahi. Lakini alitazama, na kwa siku kumi na mbili hakuwa ametazama kitu chochote.

Tangu hapo akawa anasubiri saa tisa. Mvua ikiwepo anasubiri ipungue. Alijifunza kwamba mwanga wa mchana kati unaua kila kitu, na kwamba ukiweka koja karibu na vioo vya dirisha mwanga unapita ndani ya ua kavu kama unavyopita kwenye karatasi ya kufungia maandazi. Ukungu mweupe ulipoanza kushika maua manne, aliyasafisha kwa brashi ya unga wa uso, aliyokuwa hajaitumia tangu harusi ya binamu, na usiku akaliacha koja mbele ya feni badala ya friji. Alikuwa na kazi moja sasa kwa siku, ya dakika ishirini, na katika dakika hizo hesabu ya saa tatu kasoro dakika ishirini haikumjia. Zikiisha, inarudi.

Sokoni meza ya pili yake ni ya Tessie, Mfilipino muuza mboga, mtu wa maneno. Siku moja alichungulia simu ya Nohea.

"Wewe unapiga picha takataka?" Tessie akasema. "Mbona hukuniambia? Nina mchicha umeoza hapa, ngoja nikupangie."

Nohea mdomo ulimcheza kidogo. Tessie aliliona hilo, akawasimulia wauzaji wa mstari mzima kwamba Nohea karibu acheke.

Anti Luika aliligundua koja siku ya ishirini na moja. Alikuja na bakuli la poi, uji mzito wa magimbi, kama alivyokuja kila wiki, akafungua friji mwenyewe kuliweka. Siku hiyo mvua ilikuwa ya kumwagika, na Nohea alikuwa amelirudisha koja humo lisije likala unyevu. Anti ana miaka sabini na minne, anavaa kofia hata akienda kutupa taka, na sauti yake haina chini, ni juu tu.

"Hiki nini?"

"Koja la Mama."

"Naona ni koja la Mama. Linafanya nini na mayai?"

Nohea akaeleza habari za Palani. Anti Luika alisikiliza akiwa bado ameushika mlango wa friji, baridi yote inatoka.

"Palani mgongo, Palani mgongo," akasema. "Kwa hiyo dada yangu asiende zake mpaka mgongo wa Palani utoe ruhusa? Unamshika mtu mguu, we mtoto. Anataka kwenda, wewe umemshika mguu."

Walikubaliana angoje mpaka Palani aje, na Palani alikuwa amesema wiki ijayo. Wiki ijayo daktari wake akasogeza mbele. Akasogeza tena. Anti kila akija anauliza, akijibiwa anavuta pumzi kwa pua, na Nohea alijua mvuto ule wa pua hauna heri ndani yake. Angeweza kumwambia ukweli, kwamba sasa halikuwa koja la Palani tena. Angesemaje lakini? Kwamba kitu pekee anachoweza kukitazama duniani ni maua makavu kwenye mfuniko wa mashine? Kila saa tisa alitoka uani na simu yake.

Jumamosi ya wiki ya sita alirudi kutoka sokoni akamkuta Anti Luika amekaa jikoni kwenye giza la mvua, amevaa gauni la kanisani na kofia, na udongo umemjaa kwenye kucha. Ufunguo anao, ndugu wa marehemu. Kahawa ilikuwa tayari mezani. Kando ya kikombe ilikuwa sindano ndefu ya kutungia, imeoshwa na kufutwa.

"Nimemaliza, mwanangu," Anti akasema. Sauti, kwa mara ya kwanza, ilikuwa na chini. "Nimesali, nimekata uzi, nimelirudisha lote mpaka vumbi lake. Nilijua wewe huwezi. Basi nimeweza mimi, wewe usiwe na lawama."

Alikuwa amefanya haki, na amefanya kwa mapenzi, na mtu yeyote wa Hilo angemwambia amefanya vizuri. Nohea alisimama na mifuko yake mkononi. Ikamjia hasira. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ya kwanza tangu mama afe, na kwa muda alishangaa tu kwamba ipo. Akatamani kukitupa kikombe ukutani. Akasema asante, Anti, akaketi, akanywa kahawa yote.

Anti alipoondoka akatoka uani. Chini ya mti udongo ulikuwa umefunikwa vizuri kwa majani, huwezi hata kuona wapi pamechimbuliwa. Akamwandikia Palani maneno matatu: Anti Luika amelirudisha. Palani hakujibu siku nzima. Kesho yake akajibu kwamba sawa, hana hasira, lakini basi dada azichapishe picha zote, moja kwa kila siku, kwa mpangilio, azikute. Zilikuwa arobaini na moja. Kijana wa dukani aliyezichapisha aliuliza kama hizi zote ni kitu kimoja. Nohea akamjibu ndiyo.

Hakuzitazama. Alizitia kwenye bahasha, akairudia ganzi yake. Saa tisa zikapita bila kazi, siku baada ya siku, na hesabu ya simu ikachukua na zile dakika ishirini zilizokuwa zimesalimika.

Palani alifika Jumatano ya pili yake, na fimbo, na mkanda mpana kiunoni, amekonda mpaka shati linamcheza. Alilala mchana kutwa. Alhamisi alasiri akaomba picha. Wakazipanga kwenye meza ndefu ya barazani, ile ile aliyokuwa akitungia mama, saba kwa mstari, mistari sita, wa mwisho una sita. Palani alikuwa anapumua kwa mdomo. Akaenda moja kwa moja kwenye mistari ya chini, kwenye yale makavu yenye mwanga ndani, akaichukua ya thelathini na tatu, akaishika kwa ncha za vidole kama kitu cha moto.

"Dada, hizi nzuri mno," akasema. "Sikujua una jicho hili. Kwenye simu zilikuwa ndogo."

Nohea alikuwa amesimama kwenye mstari wa kwanza, ambao tangu aupige hakuwahi kuutazama. Picha ya pili, ya Jumatatu. Akainama. Akaichukua ya kwanza, akazishika zote mbili pamoja.

Koja lilikuwa na rangi mbili. Kwenye picha ya Jumapili sehemu kubwa yake ilikuwa ya njano, na sehemu ya mwisho, ile ya upande wa sindano, ilikuwa nyeupe. Kwenye picha ya Jumatatu sehemu kubwa ilikuwa rangi ya chungwa, na ile ya mwisho ndiyo kwanza njano. Mpaka kati yake ulikuwa umenyooka, ua hili na ua lile. Kwenye picha ya nne na ya tano tofauti ilikuwa inafifia, na kuanzia ya sita yote yalikuwa mamoja.

Alimuuliza Palani kama alikuwa ameliona hilo.

"Niliona," Palani akasema. "Nilidhani ndiyo mtindo. Nikasema Mama ameanzisha rangi mbili."

"Si mtindo. Haya ya mwisho yamefunguka siku moja nyuma ya mengine. Yalikuwa matumba, Palani. Alipoyatunga yalikuwa bado hayajafunguka."

Akayahesabu kwa ncha ya ukucha. Yalikuwa thelathini na moja.

Palani akangoja maelezo, kwa sababu yeye aliondoka nyumbani kijana na mambo ya maua aliyaachia wanawake. Nohea akamweleza polepole, akijieleza na yeye mwenyewe. Matumba ni maua ya kesho. Mama alikuwa hawezi kuyaona akayaacha. Akipita jirani ana mgeni, mama anachuma matumba amtungie mgeni. Mbwa wa watu katimiza miaka kumi, mama anachuma matumba amtungie mbwa. Mwaka jana yakapungua kwenye oda ya harusi, Nohea akaaibika mbele ya bibi harusi, akarudi nyumbani amewaka. Akamwambia mama yake kwamba kesho ina wenyewe, na kuanzia leo tumba halichumwi bila yeye kuulizwa. Piga simu kwanza. Mti ule mama aliupanda kwa mikono yake kabla Nohea hajazaliwa. Alimtazama binti yake, akasema sawa, bosi. Na tangu hapo alipiga kweli. Alipiga kila mara, na kila mara akaambiwa hapana.

Palani akasema hayo ameyasikia, mama alimsimulia akicheka. Bado hakuelewa dada yake anaelekea wapi.

"Alinipigia," Nohea akasema. "Asubuhi ile. Saa tatu kasoro dakika ishirini. Niliona jina lake nikaigeuza simu."

Palani akaiweka picha chini.

"Sikumwambia mtu. Wiki saba ninajua alikuwa anakufa, ananiita, mimi natafuta chenji ya mtu. Wiki saba, Palani. Silali, sili, silii, niko kama gogo." Akazigonga zile picha mbili kwa kidole. "Alikuwa hafi. Maua yalimwishia kwenye sinia. Alikuwa anaomba matumba."

Mvua ilikuwa imeanza tena na wakalazimika kuzisogeza picha za pembeni zisilowe. Halafu Nohea akaendelea, maana sasa alikuwa haachi. Kuyapata matumba thelathini na moja ilibidi mama ainuke, na magoti yale. Achukue kigoda na ule ufito wenye ndoano, azunguke nyuma ya nyumba, apande, avute tawi moja moja, arudi, akae, akate vikonyo, atunge. Na tazama yalivyokaa, akamwambia Palani, tazama: yamebanana sawa na ya mwanzo, hakuna lililotobolewa upande. Mkono ule haukuwa na ugonjwa. Kwa mama, kazi hiyo ilikuwa saa nzima, labda na zaidi. Basi hata daktari hakudanganya.

Palani aliketi polepole kwenye kiti cha mama, fimbo katikati ya magoti.

"Na ungepokea," akauliza, "ungemwambiaje?"

Nohea alifungua mdomo kusema kitu kizuri. Kilikuwepo karibu, mtu yeyote angekisema. Akakiacha.

"Ningemwambia asiguse. Ya kesho hayo."

"Angetii?"

"Nikimkataza alikuwa anatii. Angeweka sindano chini akakaa ananingoja nirudi na maua."

"Basi hukupokea," Palani akasema, "akaenda akaiba." Akaanza kucheka, akajishika mgongo kwa maumivu, akaendelea kucheka machozi yakimtoka. "Mama amekufa mwizi, dada. Kapanda kigoda kwenye mvua, kaiba maua thelathini na moja ya bosi."

Nohea hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya picha ya Jumatatu, anayahesabu tena yale ya njano kuanzia mpakani kwenda kwenye sindano, ua moja moja. Alikuwa analia, kwa mara ya kwanza, kwa sauti, kamasi na kila kitu, na hakuacha kuhesabu.